Mkwe Wangu Anasema Yeye ni Mmarekani Tu

Mpendwa Shangazi Bernadine,

Nakuandikia hapa jikoni hata aproni sijavua, na ukikuta karatasi ina alama za maji usidhani ni vitunguu, ni machozi, na majina yetu usihangaike kuyaficha gazetini kwa sababu mji mzima unajua, kuanzia mchungaji mpaka dereva wa lori la maziwa, kilichobaki ni wewe kuniambia nifanye nini kabla mwanangu hajaenda kuoa kwa hakimu.

Naitwa Arlys Tollefsrud. Sisi ni Wanorwe. Babu wa babu yake Duane, mume wangu, alishuka melini akaja moja kwa moja hapa magharibi ya Wisconsin akashika bonde lake, na tangu hapo hatujatoka, tunafuga ng'ombe bonde lile lile na kusali kanisa lile lile, na kila vuli mimi ndiye ninayesimamia karamu ya lutefisk, samaki anayelowekwa magadi mpaka anatetemeka kwenye sahani, watu wanapanga foleni hadi barabarani, na lefse, zile chapati zetu za viazi, nazisukuma kwa mkono wangu kama alivyonifundisha mama mkwe. Mwanangu wa pekee nilimwita Leif. Mbwa anaitwa Fjord. Mama yangu mzazi alikuwa nusu Mjerumani, lakini hilo tuliache. Norwe yenyewe sijafika, maana ng'ombe hawajui likizo, ila moyoni niko huko kila siku.

Sasa Leif amepata mchumba. Binti anaitwa Kaylynn, anatoka milimani, Kentucky mashariki, na kusema kweli sina neno naye, ana adabu, anacheka vizuri, na ng'ombe anawajua kuliko Leif aliyezaliwa nao. Neno liko kwa baba yake. Bwana Verlin Caudill, mjane, alikuwa fundi wa mashine za migodini, mtu mrefu, mpole, kila kitu kwake ni "ndiyo mama, hapana mama" mpaka unajiona umezeeka umesimama.

Unajua desturi ya kanisani kwetu, kabla ya harusi mama wa bwana harusi anaandaa chakula cha jioni kule ukumbi wa chini, kila upande unaleta chakula cha asili yake, na juu ya meza inasimama bendera ndogo ya nchi waliyotoka mababu. Basi nikampigia Bwana Caudill simu mapema, kwa nia njema kabisa, nikamuuliza, "Nyinyi ni watu gani?"

"Sisi watu wa Kilima cha Caudill, mama."

"Hapana, namaanisha asili. Kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo kilikuwa kilima tu."

"Bwana Caudill, nataka kujua nikuwekee bendera gani!"

"Si hii hii tuliyo nayo wote? Mimi Mmarekani tu, mama."

Shangazi, Mmarekani tu! Nani asiye Mmarekani? Hilo si jibu, ni kama kumuuliza mtu leo umekula nini akakwambia chakula. Nikamwonea huruma jamani, nikasema meza ya mkwe wangu haiwezi kukaa uchi watu wakadhani hana kwao, nikaliangalia hilo jina Caudill nikaona lina sura ya Kiskoti, nikamchomekea bendera ya Uskoti, nikamnong'oneza mchungaji, naye jioni yenyewe wageni walipofika mlangoni akasimama akawakaribisha "ndugu zetu Waskoti", na mzee wetu wa kodiani akapiga wimbo wa huko Uskoti. Niambie kuna ubaya gani hapo.

Bwana Caudill akaingia na sufuria yake ya maharage yaliyopikwa na mfupa wa nguruwe, na mkate wa mahindi ndani ya kikaango cheusi. Akaiona bendera. Akauliza taratibu, "Hii ya nani?"

"Ya kwenu!" nikamwambia.

"Mama, hii siijui."

Hapo ulimi wangu ukanitangulia, nikasema kwa sauti, ukumbi mzima unasikia, "Basi ijue leo, Bwana Caudill. Mkataa kwao mtumwa!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliichomoa ile bendera, akailaza vizuri kando ya sahani yangu, akambusu binti yake kwenye paji la uso, akamwambia, "Wewe kaa ule, mwanangu, mimi nitakuwa kwenye gari." Akatoka. Maharage akayaacha.

Ungedhani yameisha. Hayajaisha, kwa sababu nilikuwa nimemwalika na Ingvild, binti wa ukoo wetu huko Bergen, nesi, Mnorwe mwenyewe wa Norwe, alikuwa kwangu wiki nzima, nikamwinua atupe salamu za nyumbani, nami nimesimama pembeni na vazi langu la asili lenye vifungo vya fedha, kifua mbele. Akasema, "Asanteni sana. Siku zote nilitamani kuwaona Wamarekani wakiwa kwao, na sijaona Wamarekani kama nyinyi."

Nikamwambia, "Lakini mwanangu, sisi si Wanorwe?" Akanishika mkono kwa upendo kabisa, akasema, "Shangazi, bendera yetu mmeiweka mpaka kwenye taulo za chooni. Kwetu hakuna mtu anayefanya hivyo." Na lutefisk hajawahi kula maishani, akaionja akaisogeza, kisha akamaliza sahani mbili za maharage ya Bwana Caudill. Duane akasema "uff da", yaani "masikini jamani", ndicho Kinorwe chake chote, na Ingvild akacheka mpaka akashika tumbo, eti hiyo alikuwa akiisema bibi yake.

Sasa Bwana Caudill yuko kwake Kentucky. Kaylynn akimpigia anasema hana hasira na mtu, "ila siendi mahali ambapo lazima nibandikwe jina la mtu mwingine ndipo nipewe kiti." Kaylynn naye anasema asiposhikwa mkono na baba yake haingii kanisani, bora wakafunge ndoa kwa hakimu huko huko milimani, na Leif, mwanangu niliyemzaa kwa uchungu, anamuunga mkono! Harusi ni Jumamosi ya tatu kutoka sasa. Keki imeagizwa. Kaylynn alinialika Jumapili hii niende nao kwao, ni siku yao ya kupanda kilimani kusafisha makaburi na kuyawekea maua, halafu wanakula chakula hapo hapo, nikamwambia nina harusi ya kuandaa, na kusema kweli kula makaburini sikuelewa.

Niambie basi, Shangazi, nimwombe radhi kwa kosa gani, la kumpa mtu bendera? Na kuna la pili ambalo hata Duane sijamwambia. Tangu usiku ule nikilitazama lile vazi kabatini roho inaniuma. Kama mimi si Mnorwe, mimi ni nani? Mmarekani tu? Basi, tu?

Wako aliyechanganyikiwa,
Arlys

*

Arlys mwanangu, vua hiyo aproni ukae chini.

Barua yako nimeirusha mbele ya ile ya bwana anayegombana na jogoo wa jirani, kwa sababu jogoo atasubiri, harusi haisubiri.

Kwanza pole. Nilipoisoma nilicheka mpaka kahawa ikanipalia, halafu nikaacha, maana hayo yangeweza kunipata mimi. Nimejiita Mpolandi tangu nizaliwe. Kipolandi changu chote ni tusi moja la bibi yangu na majina ya soseji. Siku moja akaja padri kutoka Krakow, nikamwendea kwa mbwembwe nikamwamkia kwa lugha yetu, naye akanijibu kwa Kiingereza, polepole, kama unavyosema na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Nililia ndani ya gari, Arlys, kwa hiyo najua panapouma.

Lakini hebu nikuulize. Mtu aliyesimama chini ya kanisa huko Wisconsin, amevaa vazi la nchi asiyowahi kufika, anatangaza kwa Kiingereza kwamba yeye ni Mnorwe, huyo ni nani kama si Mmarekani? Mnorwe hatangazi. Mnorwe anakula kiazi chake anaenda kazini. Ingvild hakukutukana, binti wa watu. Alitoka kwao kuja kuwaona Wamarekani, akawakuta jikoni kwako. Lefse zako usiache kuzisukuma na karamu yako usiifute, nitakuja mwenyewe na sahani yangu. Hayo ni mambo yenu, mmeyafanya nyinyi, kwenye bonde hilo, miaka yote hiyo, na hakuna wa Bergen wala wa popote wa kuwanyang'anya.

Kilichonikera ni hilo "tu" lako. Mkwe wako alilisema kwa unyenyekevu, wewe ukalisikia kama umaskini. Unadhani Umarekani ni sahani tupu, mpaka kila mtu aweke chakula cha babu yake ndipo ionekane ina kitu. Yule bwana sahani yake imejaa, Arlys. Hujamuuliza ina nini.

Na ile methali uliyomrushia, mkataa kwao mtumwa, hebu turudi nayo. Nani kati yenu amekataa kwao? Yeye kila mwaka anapanda kilima na reki mkononi, anajua nani amelala wapi. Wewe umezaliwa hapa, umeolewa hapa, umezalia hapa, wazazi wako umewazika hapa, halafu ukiulizwa kwenu ni wapi unaonyesha ng'ambo ya bahari. Na yule mama yako nusu Mjerumani, uliyeniambia tumuache, yeye amekukosea nini? Jirani yangu wa bingo ni Mho-Chunk, wenyeji wa asili wa nchi hii, watu wake walikuwa hapa kabla ya kilima cha Caudill kuitwa cha Caudill na kabla ya bonde lenu kuitwa lenu. Sisi wengine tukianza kubishana nani alifika lini, yeye huomba asogezewe kahawa, anatuangalia kama vichekesho.

Unaniuliza kosa lako ni lipi. Ni hili. Mtu amekuletea binti yake na chakula chake, amekwambia kwa mdomo wake yeye ni nani, ukamwona hajui, ukampa jina ulilolichagua wewe, kisha ukamfanya kichekesho mbele za watu. Hata kama angekuwa Mskoti kweli ingekuwa vibaya. Watu wa milima ile wamechoka kuambiwa na wageni wao ni akina nani. Aliondoka bila kukujibu vibaya, shukuru, maana mimi ningekujibu.

Sasa sikiliza, na usiniandikie tena kuniambia haiwezekani. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Jumamosi alfajiri unaingia garini na Kaylynn, mnakwenda Kentucky. Ng'ombe waachie Duane na Leif, wana mikono. Vazi la vifungo libaki kabatini na bendera zote zibaki kanisani. Beba glavu, viatu vya shambani na reki yako mwenyewe. Kilimani usisimame kama mgeni wa heshima, piga magoti ung'oe majani. Kila kaburi uliza huyu ni nani, halafu usikilize mpaka mwisho, na ole wako useme "hata kwetu Norwe". Chakula kikitandikwa, kula, na uombe kuongezwa, utamu ambao Ingvild aliujua kabla yako nawe uujue.

Radhi yako iwe fupi, na isiwe na "lakini" ndani yake. Mwambie, "Uliniambia wewe ni nani, mimi nikakupa jina jingine mbele za watu. Nisamehe." Ukishasema hivyo funga mdomo. Watu wa kule hunyamaza kwanza ndipo wajibu, wanaweza kunyamaza mpaka ukahisi umekosea nyumba, nakujua utataka kuujaza huo ukimya kwa habari za samaki. Uache ukae.

Na kama atakutazama akuulize umekuja mwendo wote huo ukiwa nani, usimwambie Mnorwe, na Mmarekani usimwambie, hilo analiona. Mwambie wewe ni mama yake Leif, na umekuja kumwomba binti yake.

Shangazi Bernadine