Udongo Mlangoni pa Nyumba ya Plastiki

Mkolani, Mwanza

Dada yangu Koleta,

Shikamoo. Yesu Kristu asifiwe hapo nyumbani. Natumaini baridi haijakukamata magoti na kikohozi cha shemeji kimepungua. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila kichwa kimekuwa kizito, na hili la leo siwezi kulisema kwenye simu huku watu wanapita. Nitampa mtu wa basi akuletee. Kaa chini usome mpaka mwisho, usinicheke katikati.

Uliniambia mnahamia Makambako kwa mtoto wenu, na nyumba ya marehemu Mama mtaiacha. Nikakujibu, "Sawa, Mungu awatangulie," nikaendelea na kazi zangu. Sasa nakuomba msiondoke kwanza. Sababu ni Mzee Masalu.

Ndiye yule mzee ninayemtunza tangu nifiwe na mume wangu. Binti yake, Mama Kulwa, anauza mchele Magu, anakuja mwisho wa wiki. Zamani walikaa chini kabisa, ufukweni. Mvua zilipozidi ziwa likapanda, maji yakaingia jikoni, kisha vyumbani, wakakimbia na magodoro kichwani. Ndipo wakaja huku Mkolani, mbali na maji. Kaburi la mkewe, Bibi Milembe, lilikuwa kando ya nyumba. Lilibaki huko huko. Sasa juu yake wanapita watu na mitumbwi.

Mjukuu wake aliyeko Ulaya aliwatumia watoto wa Mama Kulwa ndoo ya matofali ya plastiki, yale ya kuchezea, unapachika moja juu ya jingine. Watoto wakayachoka, mzee akayachukua. Dada, furaha aliyoipata sijui nikueleze vipi. Mikono ile inayomwaga chai, ikishika vile vitofali inatulia kama ya kijana. Anakaa barazani tangu asubuhi, anapachika, anabomoa, anaimba kidogo kwa Kisukuma. Jirani yetu fundi Deo humtania kutoka ng'ambo ya uzio:

"Mzee, umerudi chekechea?"

"Nimerudi. Wewe nyumba yako inangoja bati mpaka lini? Mimi nimeshapaua."

Nami nilicheka. Mpaka alipojenga nyumba moja akakataa kuibomoa. Ilikuwa ya bluu na njano, rangi zilivyopatikana, lakini Mama Kulwa alipoiona alishika mdomo. Ni nyumba yao ya ufukweni. Jiko la nje lipo, dirisha dogo alilokuwa akichungulia marehemu lipo, na pembeni kuna tofali jeupe refu limelazwa. Kaburi. Mlango tu ndio hakuuweka. Aliacha uwazi, akaugeuzia upande wa ziwa, ingawa ziwa huku halionekani.

"Mzee, mlango utaweka lini?" nikamuuliza.

"Akishaingia."

Nikafanya ishara ya msalaba, nikaenda kuosha vyombo.

Kesho yake nafagia baraza, nikakuta tope mlangoni pa ile nyumba ndogo. Kidogo tu, la kujaa kijiko. Jeusi, bichi, lina harufu ya ziwa, ile ya majani yaliyooza na dagaa. Dada, udongo wa huku ni mchanga mweupe wa kwenye mawe, na ni kiangazi, hata mbwa wanatafuta maji. Nikasema ni paka. Nikafagia. Siku iliyofuata likawepo tena, limesogea ndani kidogo. Nikafagia, nikanyunyiza maji ya baraka, nikasali rozari nzima. Likarudi, sasa limefika sebuleni mwa ile nyumba ndogo. Usiseme ni mzee mwenyewe. Hawezi kushuka ngazi bila mimi, na ufunguo wa geti nalala nao.

Ndipo akanikuta na ufagio.

"Unafagia nini hapo?"

"Tope, mzee. Paka hawa."

Akakaa kwenye kiti taratibu. "Mama Neema, kwenu watu wakihama, wafu wao wanawaachaje?"

"Tunawaombea misa."

"Na kabla ya misa?"

Nilimkumbuka Baba, siku tulipotoka kule bondeni tukiwa wadogo. Alichota udongo wa kaburi la Babu, akaufunga kwenye kitambaa, akasema kwa sauti, kama anaongea na mtu aliye kitandani, "Tunakwenda kule juu, twende." Wewe na mimi tulikuwa tumetoka kupata kipaimara, tukaona ni ushamba.

Mzee akasema, "Sisi tulibeba mpaka kuku. Milembe hatukumwambia. Nilipoukumbuka udongo, kaburi lilishafunikwa na maji. Hapa hapajui, na nyumba hii ya bati jipya ataijuaje? Nimemjengea ya kwake, aione. Udongo nilioshindwa kuuchukua anauleta mwenyewe, kidogo kidogo. Na wewe unaufagia."

Nikauweka ufagio.

Tangu hapo kila asubuhi alikusanya lile tope kwenye kopo la maziwa ya unga, nami namshikia kopo, midomo inasali yenyewe. Mpaka siku moja halikuja. Tulipochungulia, sakafu ya kile chumba kidogo cha kulala ilikuwa imelowa, na nyumba nzima kavu. Mzee akachukua mlango mwekundu wa plastiki aliokuwa ameuweka kando, akaupachika. Kidole hakikutetemeka.

Mama Kulwa alipokuja tulichimba karibu na mpapai, tukaufukia ule udongo. Jumuiya walikuja kusali. Padre nilimweleza nusu tu, Mungu anisamehe. Mzee sasa analala kama mtoto. Nyumba ile haigusi, anajenga ng'ombe, na fundi Deo anamuuliza maziwa yao ni ya rangi gani.

Kwa hiyo, dada, kabla hamjafunga mizigo nenda kaburini kwa Mama. Chukua kitambaa safi, chota udongo pale kichwani pake, umwambie kwa sauti: tunakwenda Makambako, kwa mjukuu wako fulani, mlango unatazama huku. Na mimi nisemee, mwambie Dafroza yuko Mwanza, ni mzima. Baada ya hapo mwombeeni misa. Sioni kama tutakuwa tumemkosea Mungu. Mama hakuwahi kuachwa nyuma bila kuambiwa akiwa hai, hata mkienda sokoni.

Msalimie shemeji, anywe dawa. Msalimie mama mkubwa Atanasia na baba mdogo wa kule kinuni. Neema wangu akikupigia usimwambie haya, ana mitihani.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukuombea,
Dafroza

Dada, nimeifungua tena bahasha. Asubuhi hii nimeamka, nimekuta udongo kwenye kizingiti cha chumba changu. Si mweusi. Ni mwekundu, ule wa kwetu wa kung'ang'ania vidole, na una baridi. Sijaufagia. Nimeuwekea kitambaa.

Niambie ukweli. Mmeshahama?