Fenoli Si Besi, Baba

Mtoni, Temeke

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepoa na unakwenda kanisani bila kushikwa mkono. Sie huku wazima, ila joto halijatuhurumia.

Nakuandikia hasira ikiwa bado kifuani. Juzi walimu wa kemia tulisahihisha mtihani wa pamoja. Swali moja liliuliza kama fenoli ni asidi au besi. Binti mmoja, Khulud, aliandika kuwa ni asidi dhaifu: huachia ioni ya haidrojeni, na chaji inayobaki husambaa kwenye pete ya benzini, ikatulia. Jibu safi! Mwongozo wetu ukasema ni besi, eti kwa kuwa ina OH kama kostiki soda, ambayo ni besi kali.

Bila alama zile, Khulud angeondolewa mchepuo wa sayansi. Edgar, kiongozi wa jopo, akasema mwongozo ni mwongozo, nisimletee ukali wa makala zangu za gazetini. Mwingine akaniambia, dada Mage, saini bwana, wali unapoa. Nikawajibu kwamba hivyo ndivyo tunavyoua akili za watoto, kwa kuwahi wali.

Nikawaburuta maabara. Nikavaa glavu, nikakoroga fenoli kwenye maji, yakawa meupe kama tui. Nikatia kostiki soda, fenoli ikayeyuka yote, maji yakatakata. Nikamuuliza Edgar, besi gani hii inayokimbilia kuungana na besi mwenzake? Akapaza sauti wote wasikie: kanuni ile ya OH alifundishwa Masasi nawe, Mwalimu Valerian. Akaniuliza, je, baba yangu alikuwa mjinga?

Baba, wote walinigeukia. Nikasema baba yangu si mjinga, ila hapo alikosea, na sisi tuliosoma baada yake hatuna kisingizio.

Edgar akabadilisha alama. Khulud anabaki.

Siombi radhi kwa kusema kweli. Naomba radhi kwa kuwa jopo zima lilisikia kosa lako kabla yako. Edgar ameapa kukupigia simu ili unikane. Uliowafundisha wamejaa mashuleni, na kanuni ile wanayo bado. Mie hawanisikilizi, wewe watakusikiliza. Akipiga, Baba, mwambie mwenyewe kwamba fenoli si besi.

Mama mpe salamu zangu nyingi, na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi binti yako,
Margareta