Kilichokuwa Puani mwa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wanao. Huku hatujambo, na Mama ameanza kulalamika kuwa uji wa hospitali umepooza. Ukimsikia analalamika, jua anapona.

Kaka, nimeona makubwa. Kabla ya Mama kubadilishwa vali ya moyo, ule mlango mdogo wa kupitisha damu, muuguzi alikuja na kijiti chenye pamba, akakizungusha puani mwake. Mama akauliza, "Mwanangu, moyo wangu umehamia puani lini?" Wodi nzima ikacheka. Majibu ya maabara yalipotoka, kicheko kikakatika. Muuguzi alitueleza kwamba puani mwa Mama kuna bakteria, kama walivyo kwa watu wengi, wametulia zao. Ila kifua kikifunguliwa, wakifika kwenye kidonda hugeuka simba. Basi akapakwa dawa puani asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, akaogeshwa kwa sabuni maalumu, ndipo akapelekwa kupasuliwa.

Nilikaa kwenye benchi nimeduwaa kama aliyeingia nyumba ya ibada. Watu wanaoweza kuusimamisha moyo, wakaushona, wakauamsha tena, kumbe kazi yao wanaianzia puani! Na kidonda chenyewe sasa ni kikavu, kimefunga vizuri.

Sasa nikwambie lililonishikisha kalamu. Nilimuuliza daktari kuhusu marehemu Baba, ambaye kidonda chake cha upasuaji wa kifua kilioza, tukasema ni uchafu wa mikono ya Shangazi aliyemuuguza. Daktari alisema hawezi kuapa juu ya mgonjwa asiyemwona, lakini huenda Baba aliingia hospitalini na vijidudu hivyo puani mwake mwenyewe. Wewe ulimwambia Shangazi asikanyage kwetu tena, na sisi wengine tukakuunga mkono kwa kunyamaza.

Kaka, nimemwita. Sikukuomba ruhusa. Juzi alikuja, akasimama mlangoni mwa wodi, mikono ameificha chini ya mtandio. Mama akamwambia, "Wifi, mbona umesimama kama mgeni? Njoo uninyanyue." Shangazi akaenda kwenye sinki, akanawa, akanawa, akanawa, mpaka muuguzi akamwambia, "Inatosha, mama." Ndipo akamshika.

Mama anakusalimu, na Shangazi pia. Ametaja jina lako kwanza kabla ya yetu sote.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba