Baba, Mlango wa Kushoto Umekataa Kuwa Mweupe

Kwako Baba, uliko,

Mikono yangu ina rangi hadi kwenye viwiko. Nimekaa uani kwetu Voi, juu ya kopo la rangi lililopinduliwa. Mbele yangu liko gari lako jeupe; jana mlango wake wa abiria ulikauka ukawa wa pinki. Sikuupaka pinki. Niliupaka mweupe, tena na tena.

Nilikuwa naliuza. Heri nikuambie hilo kwanza. Tangu tukuzike kule Chawia mlimani limekaa chini ya turubai, na kila nikipita naona kiti chako kilivyobonyea. Mwalimu mmoja wa Mwatate alikubali kulichukua, mradi rangi iliyoanza kubabuka irekebishwe. Ningeweza kulipeleka kwa fundi, lakini wewe ulilipaka mwenyewe, hapa hapa uani, nikaona haifai liondoke na mkono wa mtu mwingine juu yake.

Unakumbuka? Nilikuwa darasa la nne, na gari ndiyo kwanza umelileta. Ulimwaga maji ardhini kulaza vumbi, ukachuja rangi kwa soksi ya nailoni ya Shangazi.

"Kaka, hiyo ni yangu ya kanisani!"

"Basi gari litakuwa limeokoka."

Ulinipa kipande cha msasa, ukaniruhusu kusugua kila mahali isipokuwa mlango wa kushoto mbele, upande wangu, uliokuwa umeufunika kwa gunia. "Huo niachie." Nilipotoka shuleni siku iliyofuata, mlango huo peke yake ulikuwa umepakwa rangi ya fedha, mingine yote ikiwa na praima ya kijivu, ile rangi ya kwanza ya chini. Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Huo unasikia baridi. Nimeuvalisha fulana." Nilicheka, nikasahau. Mtu husahau maneno ambayo yangemwokoa.

Safari hii nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa mtihani. Nilisoma, nikatazama video, nikaazima kompresa ya upepo na bunduki ya kupulizia rangi. Hata hivyo boneti ilinishinda mara ya kwanza. Nilipuliza saa sita mchana, na jua la Voi likakausha rangi kabla haijajilaza. Uso wote ukawa na vijivimbe kama ganda la chungwa. Nikausugua kwa msasa laini wenye maji, nikarudia asubuhi kukiwa na ubaridi, nikiwa nimesogeza bunduki karibu zaidi. Ikalala vizuri. Kisha juu ya buti la nyuma vikatokea vishimo vidogo, rangi inakimbia kama imeona kitu. Hiyo ni dalili ya mafuta. Nikamgeukia dada yako, aliyeshuka kutoka Chawia kunisaidia.

"Shangazi, umeshika wapi?"

"Nimeshika gari la kaka yangu. Kwani ni la nani?"

"Na mikono umeipaka nini?"

Akaitazama ikimeremeta. "Sasa wewe wataka nikae kama kuni kavu kwa ajili ya gari?"

Tulicheka, Baba. Nilifuta buti lote kwa thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, na kitambaa safi, nikarudia. Nakuandikia vicheko hivi ili ujue kwamba hadi jana nilikuwa mtu mwenye furaha.

Mlango wa kushoto niliuacha mwisho. Nilipousugua nilifika kwenye ile rangi ya fedha, nikadhani ni praima ya zamani iliyochoka. Nikaongeza nguvu hadi nikaipita hapa na pale. Chini yake niliona wekundu kidogo, nikasema ni kutu, nikaikwangua, nikapiga praima, nikapuliza nyeupe. Ilipokuwa mbichi ilikuwa nyeupe kabisa. Ilipokauka ilikuwa na haya, kama shavu la mtu aliyeulizwa swali gumu.

Nikafanya kosa ambalo mtu wa Voi yeyote angelifanya: nikalaumu vumbi. Hapa kwetu kila kitu huwa chekundu. Shuka ni nyekundu, kuku ni wekundu, hata ndovu wetu ni wekundu. Nani angetafuta sababu nyingine? Nikamwaga maji uani, nikatundika shuka mbichi kuzunguka gari, nikasugua, nikapuliza tena. Pinki. Shangazi alisema haraka kupita kiasi, "Ni vumbi tu, mwanangu. Piga mkono mwingine wa rangi."

Nikapiga. Pinki, na imekolea zaidi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo nililopaswa kulifanya mapema. Nilichukua kifuniko cha kopo, nikakiegemeza kando ya mlango, nikavipuliza vyote kwa rangi ile ile, upepo ule ule. Kifuniko kikakauka cheupe. Vumbi huangukia kila kitu, Baba. Vumbi halichagui mlango. Hii ilikuwa inatoka chini. Kuna rangi nyekundu za zamani ambazo thina ya rangi mpya ikizigusa huyeyuka na kupanda, zikapita praima, zikapita rangi mpya, hadi juu. Dawa yake ni kuzifungia kwa rangi ya fedha. Fulana. Wewe ulijua, na mimi nilikuwa nimeichana.

Nilisugua sehemu moja hadi chini kabisa. Haikuwa kutu. Ilikuwa nyekundu ya kiwandani, inang'aa. Boneti chini yake ni nyeupe, mlango wa pili ni mweupe. Gari hili lilizaliwa jeupe. Mlango ulitoka kwa gari jingine.

Nikamwonyesha Shangazi kidole changu chekundu. Alikaa chini pale pale kwenye matope niliyoyatengeneza, na gauni lake safi.

"Huo mlango si wa hili gari," akasema. "Ni wa lile la kwanza. Lile la ajali ya mama yako."

Nikamwambia Mama alifia hospitalini. Ndivyo nilivyokua nikiambiwa.

"Alifia hospitalini, ndiyo. Lakini alipelekwa kutoka barabarani. Mlikuwa mnateremka kutoka Chawia, ukungu umefunga. Gari likaserereka, likabiringika, likalala upande wa dereva. Kaka ndiye alikuwa anaendesha."

Nilisikia "mlikuwa." Nikauliza mlikuwa akina nani.

"Wewe ulikuwa kwa mapaja ya mama yako."

Baba, siku hiyo sikuwa nyumbani na Shangazi, nikiumwa homa? Hivyo ndivyo mlivyoniambia! Nilikuwa na picha kichwani ya homa hiyo, ya blanketi, ya uji. Nimekumbuka maisha yangu yote kitu ambacho hakikuwako.

Shangazi aliendelea, akiutazama mlango, si mimi. Milango mingine ilikuwa imekunjika. Huu ulifunguka. Mama, ambaye miguu yake ilikuwa imebanwa, aliusukuma kwa bega akanitoa nje, kwa watu wa shambani waliokuwa wamekuja mbio. Aliwaambia neno moja tu: "Mshikeni."

Sijui nifanye nini na neno hilo. Tangu jana nimeligeuza kila upande. Watu wa Chawia walionyamaza nikikaribia kisimani walikuwa wanalijua. Wewe ulilijua kila asubuhi uliponipeleka shule. Nimekukasirikia hadi meno yanauma. Ulikuwa na miaka mingi ya kuniambia, na kila safari nilikuwa kando yako, nimekiegemeza kichwa changu juu ya jibu.

Halafu nakumbuka ulivyokuwa ukifanya. Kabla ya kuwasha gari ulizunguka hadi upande wangu, ukaufungua mlango, ukaufunga, ukaufungua tena. Kila Jumapili ulizipaka mafuta bawaba za mlango huo tu. Nilikuona mzee wa ajabu. Nikakutania mbele ya marafiki zangu, "Baba, mlango utachoka!" Hukucheka. Ulisema, "Huu lazima ufunguke."

Sasa naelewa kwa nini ulitafuta gari la aina ile ile, kuukuu, wakati wenzako walinunua mapya. Ulikuwa unautafutia mlango mahali pa kukaa. Nilikaa hapo, nikala mahindi ya kuchoma, nikalala, nikafaulu mitihani yangu. Nimeelewa, na bado nimekasirika. Vyote viwili vimo.

Leo asubuhi mwalimu alipiga simu kuuliza kama rangi imekauka.

"Gari ni jeupe," nikamwambia. "Isipokuwa mlango mmoja. Huo ni mwekundu, na utabaki mwekundu."

"Dada, mimi ni mwalimu mkuu. Wanafunzi watanicheka hadi nistaafu."

"Basi, mwalimu, nisamehe. Siuzi tena."

Akasema, "Kuna neno hapo." Nikasema lipo.

Nimeiondoa nyeupe yote mlangoni, na praima, na ile fulana yako. Shangazi amesugua nami, mikono yake mikavu kama kuni, bila kuambiwa. Wekundu wa zamani una mikwaruzo mirefu karibu na kitasa. Sikuijaza. Nimeipitishia vanishi tu.

Kesho tutapanda Chawia, mimi na yeye. Nitakuja kaburini kwako, na kwa mara ya kwanza nitakwenda kwa Mama nikijua nakwenda kwa nani. Ukungu ukiwepo, nitaendesha polepole. Shangazi atakaa upande wa kushoto.

Nimezunguka sasa hivi, Baba, kabla sijamaliza kuandika. Nimeufungua, nikaufunga, nikaufungua tena.

Unafunguka.

Pumzika sasa. Ni zamu yangu kuuangalia.

Binti yako,
Wakesho