Sauti ya Tatu ya Nahodha Kimondo

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla mwezi huu haujaisha, kwa maana mwezi ujao jambo langu litakuwa limefika redioni na sitaweza tena kulirudisha, na sasa hivi ninavyokuandikia chakula hakipiti na mke wangu ananitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Mimi ni mkalimani wa korti mjini Kisii, mshtakiwa akisema kwa Ekegusii nageuza kwa Kiswahili ili hakimu asikie, na hakimu akisema narudisha, kwa hiyo kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine, na sikuwahi kufikiri kazi ya namna hiyo inaweza kumtia mtu hatarini. Nyumbani kwangu ni Keumbu, na pale Keumbu kuna hoteli ya chai ya bwana mmoja anayeitwa Ongeri, ambako kila Jumamosi jioni tunasikiliza mchezo wa redio uitwao Mbali Kuliko Mwezi, ule wa Nahodha Kimondo na chombo chake kinachosafiri kati ya nyota, mchezo ambao umeendelea tangu mwaka ule watu walipokanyaga mwezi mpaka leo 1974. Wengi wetu ni Waadventista, kwa hiyo utatuona tumesimama nje ya mlango tukitazama jua likishuka nyuma ya vilima, maana hakuna anayetaka kuonekana amekaa mbele ya redio na Sabato haijaisha, na wakati huo Wakatoliki wako ndani wameshachukua viti vizuri.

Sasa, kama husikilizi mchezo huo, nikueleze kwamba Nahodha Kimondo amekuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja wa Pwani, Bwanakheri, sauti nzito ya kumfanya mtu akae sawa kwenye kiti, na alipozeeka akaiacha kazi, na mchezoni wakasema nahodha ameingia kwenye sanduku la barafu alale wakati chombo kinavuka giza refu, na wiki iliyofuata akaamka na sauti ya mtu mwingine, Maghanga, mtu wa Taita, sauti nyembamba yenye kicheko ndani yake, na jambo la kwanza aliloomba ni mtu amwambie jina lake. Hapo Keumbu iligawanyika. Wengine walisema hakujawahi kuwa na kupokezana kuzuri namna hiyo, kwa sababu nahodha mwenyewe aliogopa sauti yake kama sisi tulivyoiogopa, na wengine wakasema ni vibaya mtu kama Bwanakheri kuondoka bila kutuaga, na mabishano hayo yameendelea miaka hii yote, watu wanachelewa kukamua ng'ombe kwa ajili yake.

Anayempenda Maghanga kuliko wote ni shemeji yangu Manasseh, kaka mkubwa wa mke wangu Loice, mtu wa lori la ndizi, mkono wake mmoja unabeba mkungu ambao mimi naubeba kwa mikono miwili. Baba yao, marehemu Mzee Mogaka, alikuwa haoni na hakujua Kiswahili, na Manasseh alikuwa anakaa karibu yake na redio na kumgeuzia Nahodha Kimondo kwa Ekegusii, sentensi kwa sentensi, mpaka mzee alipofariki mwaka jana.

Halafu Maghanga naye akafa. Ugonjwa wa koo, mshauri, na nakuomba ulishike hilo. Redio ikatangaza kwamba nahodha amelala tena kwenye barafu na ataamka mwezi ujao. Hawakusema kwa sauti ya nani.

Ni yangu.

Mtayarishaji wa mchezo huo alikuja Kisii kutoa ushahidi katika kesi ya gari, akanisikia nikimtafsiria mama mmoja aliyekuwa analia, akaniita nje na kuniuliza kama ninaweza kusoma maandishi ya mchezo mbele ya mashine ya kurekodi, nami nikasema naweza kwa sababu niliona ni mzaha, na mwisho wake nikachukua likizo, nikawaambia watu naenda mafunzo, nikaenda Nairobi nikarekodi vipindi. Ilikuwa shida. Nahodha akiamka anasema, "Nimelala miaka mingapi?" na mimi kila nikifika hapo naogopa, na nikiogopa naitoa "l" kama "r" ya kwetu, nasema "nimerara", na mtayarishaji anasimamisha mashine na kuniambia huko angani hakuna Kisii. Tulirudia mpaka ikatoka, lakini mbele kidogo kuna pahali niliteleza tena na nadhani wamepaacha, na mtu yeyote wa kwetu akisikia pale atajua nahodha ametoka kwetu, na akisikiliza zaidi atajua ni nani.

Nilirudi nikiwa na furaha ya siri, nikasema Jumamosi hiyo nitasikiliza wanasema nini juu ya huyo wa tatu, nicheke peke yangu moyoni. Mshauri, sikucheka. Kipindi hakikuwepo, kulikuwa na muziki tu, na watu wakakaa kubishana. Manasseh alisema nahodha asiamke, amekufa pamoja na Maghanga na azikwe naye, na atakayejitokeza na sauti ni mwizi anayeiba kwa maiti. Nyasani, fundi baiskeli, mtu mpole, akajibu kwamba Maghanga naye alipokelewa baada ya Bwanakheri, kwa hiyo na huyu apokelewe, pengine atawapita wote wawili. Hakumaliza. Manasseh alimpiga na glasi ya chai usoni. Damu ilimwagika mezani, na Nyasani akapelekwa zahanati akashonwa juu ya jicho. Manasseh alifuta mkono wake na kitambaa, akasema bila kupaza sauti, "Atakayeamka na jina la Kimondo, nikijua kwao ni wapi, nitamfuata." Kisha akanigeukia. "Si ndiyo, shemeji?"

Nami nikaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo nikisikia lori linapanda mlima nakimbilia kufunga mlango. Nilimwambia Loice peke yake, akakaa chini, na alichosema ni kwamba kaka yake hajalala vizuri tangu baba yao aende. Nikaenda Marani kwa mama yangu, nikamwuliza kwa kuzungukazunguka, mtu akishika kazi ya marehemu inakuwaje, akasema inategemea marehemu aliondoka na kinyongo au aliondoka bila kinyongo, na mimi nitajuaje? Na sasa koo langu linauma. Linauma asubuhi, linauma kortini, nasukutua na maji ya chumvi na haliachi, na nikimeza nasikia kama kuna kitu kimekaa pale, na ninafikiri Bwanakheri alizeeka, Maghanga akafa kwa koo, na wa tatu ni mimi.

Nimefikiri kuomba uhamisho nipelekwe Kitale. Nimefikiri kuwaandikia watu wa redio wasitaje jina langu kabisa. Nimefikiri pia kuwaambia wazifute kanda, lakini, mshauri, nisikudanganye, nilipokuwa mle ndani na mashine inazunguka nilikuwa mtu ambaye sijawahi kuwa, na siwezi kuomba zifutwe. Nifanye nini? Jina langu tafadhali lifiche.

Mwenye hofu,
Keumbu

JIBU

Ndugu yangu wa Keumbu, nimeisoma barua yako na nikaona una hofu za kila namna umezifunga katika mzigo mmoja, ndiyo maana unakulemea. Tuufungue.

Koo kwanza. Mtu mzima, mtumishi wa serikali, anasukutua chumvi na kuhesabu waliokufa wakati hospitali iko mjini anakofanya kazi! Nenda ukaangaliwe. Kama kuna ugonjwa utatibiwa, na kama hakuna utaacha kujiua mwenyewe taratibu. Marehemu Maghanga aliugua kama binadamu wengine wanavyougua. Hakuna kiti kinachokula watu redioni.

Kuhusu kinyongo cha marehemu, pole, kwa sababu naona hilo linakusumbua kwa kweli na siwezi kulicheka. Lakini fikiri. Mtu huyo aliupokea unahodha kwa mwingine, akaufanyia kazi mpaka alipoishiwa nguvu. Kazi hiyo ikiendelea, amenyang'anywa nini?

Sasa shemeji yako. Umeniandikia mwenyewe, kisha ukapita kama hukuona: Manasseh alikuwa akimgeuzia baba yake mchezo huo sentensi kwa sentensi. Mzee akaenda, na iliyobaki ni ile sauti waliyokuwa wakiisikia pamoja. Nayo ikaenda. Unadhani anamlilia Maghanga peke yake? Sisemi alifanya vizuri. Kumpasua mtu uso kwa sababu ya mchezo ni aibu, na angekuwa ndugu yangu ningemwambia hivyo mbele ya watu wote wa hoteli hiyo. Lakini wewe unamwogopa kama simba, ilhali ni mtu mwenye msiba, na tena wewe ndiye uliyemwoa dada yake.

Na wewe nawe una lako. Ulikaa pale, ukamwona Nyasani akipigwa kwa kukutetea wewe, kwa kumtetea mtu asiyemjua, na ulipoulizwa ukaitikia kwa kichwa. Kazi yako kila siku ni kuwasemea wanyonge mbele ya hakimu. Siku hiyo hukusema. Hilo ndilo linalokukaba, ndugu yangu, zaidi ya ugonjwa wowote.

Kwa hiyo fanya hivi. Usihame. Kitale kuna redio vilevile. Usiombe jina lako lifichwe. Watu wa kwenu watakujua kwa sauti, kisha watakuuliza ulikuwa unaficha nini. Nenda kwa Nyasani, umwombe radhi kwa kunyamaza kwako. Kisha nenda kwa Manasseh kabla ya kipindi kutoka, mchana, mahali penye watu, na Loice awe kando yako, kwa maana hatainua mkono mbele ya dada yake. Mwambie kwa kinywa chako, na mwambie kwa Ekegusii. Asisikie kutoka redioni.

*

Wasomaji wangu, jibu hilo nililipeleka Keumbu kwa posta na barua hii nikaishikilia, kwa sababu kuichapa wakati ule kungekuwa kumtoa mtu huyo nje akiwa uchi. Sasa kipindi kimeshatoka, naye ameniandikia tena na kunipa ruhusa. Nawaeleza yaliyotokea, kwa ufupi.

Daktari alimwambia koo ni zima, limechoka tu kwa kusoma kwa nguvu na kwa kutolala. Nyasani alimpokea vizuri, akacheka sana aliposikia nahodha mpya ni nani, na cheko lile likamuumiza kwenye mshono.

Manasseh walimkuta akipakia ndizi. Loice alisimama karibu na mlango wa lori. Mume wake alisema yote akiwa ameegemea mikungu. Manasseh alimaliza kupanga mkungu alioushika, akashuka.

"Siku ile uliketi pale," akasema. "Ukanisikia mpaka mwisho."

"Nilikusikia."

"Na ukaitikia. Kwa nini?"

"Nilikuogopa, shemeji."

Anasema alikuwa amejiandaa kwa ngumi. Lakini Manasseh alimtazama dada yake, akamwuliza kama naye anamwogopa. Loice akasema ndiyo, tangu baba afariki. Basi mtu huyo mkubwa akakaa juu ya jiwe lililozuia tairi la lori, akafunika uso kwa mikono yake iliyojaa utomvu wa ndizi, na waliokuwa wanampakilia wakaacha kazi wakajifanya wanatafuta kamba. Alipoinuka alienda moja kwa moja kwa fundi baiskeli. Waliyoongea huko hakuna ajuaye.

Jumamosi ya kipindi, hoteli ilijaa mpaka nje. Nahodha aliamka. Pale alipoteleza kweli walikuwa wamepaacha, na watu waliposikia ile "r" ya kwao walipiga kelele hata sentensi iliyofuata haikusikika, na kila mtu akageuka kumtafuta mkalimani, aliyekuwa amejificha nyuma ya jiko. Walimtoa. Akaogopa upya, anasema, kuliko hata siku ya kurekodi, kwa sababu redio ilipozimwa wote walimgeukia Manasseh.

Manasseh alisema alichoona. Alisema shemeji yake amejitahidi, lakini kupokezana kwa kwanza bado ni bora, hakuna atakayeamka kama Maghanga alivyoamka.

Nyasani, mwenye kovu bichi juu ya jicho, akainua kichwa. "Mimi sikubali," akasema.

Hoteli nzima ilitazama mikono ya Manasseh. Glasi ilikuwa mbele yake. Aliisogeza kwa upole mpaka upande wa pili wa meza, akaiweka mikono yake chini ya mapaja akaikalia.

"Haya," akasema. "Toa sababu zako."