Upande wa Dereva

Jumanne, 8 Julai
Fundi Selemani amemaliza springi. Shokapu mpya zote. Landrova imepanda juu, mashimo ya njia ya Pande hayataigusa tumbo na ufuta wangu utafika sokoni Nangurukuru. Hamza alitaka kuifanya kazi hii mwenyewe kabla hajavuka kwenda Msumbiji. Simu yake haipatikani tangu masika. Nimechoka kumngoja mume na gari pamoja.

Alhamisi, 10 Julai
Asubuhi gari limeinama kulia, upande wa dereva. Selemani anasema ni tangi, liko chini ya kiti hicho na jana nililijaza.
"Tutalihamishia nyuma, dada, tuweke na pampu ya umeme."
Sawa.

Jumamosi, 12 Julai
Tangi liko nyuma. Pampu safi, gari linawaka mara moja. Tumelijaribu hadi barabara kuu, limekaa sawa kabisa. Nimefurahi kama mtoto.
Baada ya alasiri nimetoka kuanua nguo. Limeinama tena. Ndani hakuna mtu.

Jumapili, 13 Julai
Selemani amehamisha springi, ya kulia kaiweka kushoto. Amevua rimu mpya pana, akarudisha za zamani. Amepima upepo wa matairi. Likakaa sawa.
Kisha likashuka, sote tunaliangalia. Taratibu, kama mtu anayepanda na kujiweka vizuri kitini. Springi ikalia. Selemani akakusanya spana zake akaondoka. Hata kuaga hakuaga.

Jumatatu, 14 Julai
Nimemkuta mama mkwe dirishani kwa dereva, kikombe cha chai mkononi. "Hamza, umeamkaje mwanangu?"
Nimemvuta kwa nguvu. Nimemchukia. Kama aliyekaa pale ni Hamza, basi Hamza amekufa, na yeye anafurahi.

Jumatano, 16 Julai
Mama mkwe anataka tumsomee Hamza hitima. Nimekataa. Sijala. Ufuta umebaki stoo. Siwezi kuligusa lile gari.

Ijumaa, 18 Julai
Simu. Namba ya Msumbiji. Hamza!
Sauti yake, kikohozi chake. Aliugua, akalazwa, simu ikaibiwa. Anakuja. Nimelia. Mama mkwe ameongea naye muda mrefu, akicheka. Amenirudishia simu, akatazama nje uani.
Hakucheka tena.
Gari bado limeinama.

Ijumaa, 25 Julai
Hamza amefika. Amekonda, ila ni yeye. Baada ya chakula amelizunguka gari, akasifu kimo chake, akapiga teke tairi. Hatukuwa tumemwambia kitu, mimi wala mama yake.
Kwenye mlango wa dereva akashika kitasa, akakiachia. Akauliza nani analiendesha siku hizi. Nikasema hakuna.
Akaenda upande wa pili, akafungua mlango wa abiria, akaketi huko, akatazama mbele.
Upande wa kushoto ukashuka, gari likakaa sawa.