Muhogo wa Ukurasa wa Tisa

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako ila kwanza niache nifurahi kidogo, maana nimetunga kitabu cha mapishi. Nina miaka ishirini na mbili, kwetu ni Muheza, shule niliishia kidato cha pili, na huu ni msimu wa tatu nabeba magunia ya korosho ghalani hapa Newala, mgongo umechoka, lakini mchana nawapikia wabebaji wenzangu na hata wasimamizi siku hizi wanakuja na sahani zao. Nyumba niliyopanga imejaa wanachuo wanaoishi kwa mandazi na chai ya rangi, nikaanza kuwaandikia kwenye daftari namna ya kupika kwa sufuria moja na maji kidogo, kwa sababu huku maji tunanunua kwa ndoo, nikaliita Sufuria Moja, wakatoa kopi arobaini zikaisha wiki hiyohiyo. Mshauri, nilimwona msichana nisiyemjua anakaanga dagaa huku anasoma maandishi yangu, nusura nilie. Mwalimu wao akalichapa kwenye kompyuta, na Jumamosi hii kitabu kinazinduliwa Masasi, ukumbi wa kanisa, nakala mia tatu, na mimi nitapika mbele ya vijana nimevaa aproni nyeupe. Nimeshaijaribu mara nne.

Shida ni hii. Ukurasa wa tisa niliandika menya muhogo, katakata, chemsha na chumvi, kula na kachumbari, maana kwetu tunautafuna hata mbichi shambani. Sikujua kwamba mashamba mengi ya huku ni ya muhogo mchungu, ambao una sumu na lazima umenywe na kuanikwa ukauke uwe makopa kwanza. Wanachuo wenyeji waliuruka ukurasa ule, wanajua tangu utotoni. Lakini jirani yangu Kulwa, aliyetoka Sengerema, aling'oa muhogo nyuma ya nyumba, akapika, akatapika mpaka akaanguka, akalazwa siku mbili. Amepona, anasema ni dagaa waliooza, na ananishukuru kwa uji niliompelekea hospitali. Mwenye nyumba, Mama Ethel, aliona maganda jikoni akaniita pembeni.

"Wewe mtu wa Tanga, nani kamwambia huyu mtoto achemshe ule?"

Nikasema sijui.

Kwenye kitabu kipya ukurasa ule nimeutoa, nilimwambia mwalimu haunogi. Je, nikinyamaza Jumamosi ipite kwanza ni vibaya? Nikisema sasa watafuta uzinduzi na mimi nitarudi kwenye magunia tu. Naomba ufiche majina yetu.

Mpishi, Newala

Mpishi, marahaba. Hongera, na ninasema kwa moyo wote. Umeshinda na magunia, ukarudi ukawaza watoto wa wenzako watakula nini. Kosa la muhogo ni la ugeni, hata mimi ningelifanya. Ile "sijui" uliyompa Mama Ethel ndiyo ya kwako.

Unaniuliza habari za nakala mia tatu ambazo hazina neno. Mbona huniulizi kuhusu zile arobaini? Ziko vyumbani mwa watu sasa hivi, na leo jioni mgeni mwingine aliyeishiwa atafungua ukurasa wa tisa, kwa sababu muhogo ndio chakula cha bei ndogo kuliko vyote ulivyomwandikia. Huyo hatakuwa na bahati ya Kulwa.

Kwa hiyo leo, siyo Jumapili, mwambie Kulwa kwa mdomo wako. Ukitoka hapo nenda kwa mwalimu, kisha zunguka chumba kwa chumba, chana ukurasa ule. Jumamosi wakikuacha usimame, anzia kwenye muhogo, na waeleze unavyoanikwa. Wakikukatalia, utabeba magunia msimu mwingine huku ukiandika. Mikono ya kupika bado unayo.

Majina nimebadilisha kama ulivyotaka. La kitabu nimeliacha. Wanachuo mnaonisikiliza, mwenye kopi ya Sufuria Moja asipike ukurasa wa tisa.

Mpishi, nimekupigia simu tangu asubuhi hupokei. Naweka nyimbo mbili hapa. Kijana uliyempelekea uji ni jirani yako, mlango haupo mbali, na redio anayo. Wahi kabla hajaunganisha mambo mwenyewe.